Kigari na Chumvi ya Kawe

Kigari cha mtoto huoshwa kikiwa kimepinduliwa, magurudumu juu. Ilinichukua miezi mitatu kulijua hilo. Mwanzoni nilikuwa nakiosha kama watu wanavyoosha gari: maji kutoka juu, nasugua kiti, nafuta mpini, kisha nakianika juani na kujiona mwanamume wa maana. Uchafu wenyewe ulikuwa umetulia zake kule chini.

Nilikiosha kila Jumamosi asubuhi uani kwetu Ukonga. Nilikuwa na ndoo mbili, mswaki wa zamani, sabuni ya unga na bisibisi. Jirani yetu mmoja, mama mwenye mdomo wake, alikuwa hapiti bila kusema neno. "Baba wewe, kwani siku hizi umekuwa yaya?" Nami namjibu kwamba yaya angekuwa na siku yake ya mapumziko. Kusema kweli nilikuwa naipenda kazi ile. Mimi nimeumbwa hivyo, sioni skrubu nikaiacha. Nilipokuwa mdogo niliifungua redio ya marehemu baba, nikairudisha, zikabaki skrubu mbili mkononi, na redio ikaongea vilevile. Mpaka leo najiuliza zile mbili zilikuwa za nini. Kazini mimi ni karani wa mafaili, na ninasoma hata yasiyonihusu. Mke wangu, ambaye ni mwalimu, husema kwamba siku moja nitakwenda msibani nimuulize maiti anajisikiaje.

Kigari tulikinunua Manzese, pale wanaposhusha mitumba ya vyombo vya nje. Kilikuwa cheusi, chenye mikanda ya bluu na kofia ya kukunja ya kumkinga mtoto na jua. Mwanetu alikuwa na miezi saba. Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutoka Lindi ili amlee, kwa sababu likizo ya uzazi ya mke wangu, na ile ya bila malipo aliyoiongeza, ilikuwa imekwisha na kazi zilikuwa zinamwita. Siku aliyofika alisimama mlangoni na begi moja na mfuko wa korosho, akatangaza, "Nimekuja kulea." Hata hodi alikuwa bado hajapiga.

Kigari hakukipenda. Alikizunguka mara mbili, akakibonyeza kiti kwa kidole.

"Hili toroli mtabebea saruji?"

"La mtoto, mama. Ulaya wote wanatumia."

"Mtoto anabebwa mgongoni, asikie moyo wa mtu unavyopiga. Humo ndani atasikia nini?"

Akamfunga mjukuu wake mgongoni kwa kanga, akaenda zake gengeni kununua mchicha. Mjukuu huyo, kwa utani wa bibi na mjukuu, mama alimwita "mume wangu". Mimi nikabaki na toroli langu la saruji.

Jumamosi ya kwanza nilivua kitambaa chote cha kiti. Nilichokikuta chini yake kilinifurahisha kupita kiasi. Kulikuwa na makombo ya biskuti yaliyokauka, kifungo chekundu, soksi moja ndogo ya kijivu, na jani kavu lenye kingo za meno kama msumeno. Jani lile sikuwahi kuliona kwenye mti wowote wa Dar wala wa kwetu Lindi. Nilivipanga vitu vyote kwenye ngazi ya mlango, nikachutama na kuvitazama. Kuna mtoto mahali fulani duniani alikaa humu. Alikuwa anapitishwa chini ya miti ya namna gani? Sasa hivi ana miaka mingapi? Anajua kusoma?

Mama akatoka ndani, akaiona soksi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amekua, mama. Ndiyo maana wamekiuza."

"Nani kakwambia kama amekua?"

Aliiokota soksi kwa ncha za vidole, akaigeuza ndani nje, akairudisha palepale ilipokuwa. "Mtoto akikua salama, mama yake anazikusanya soksi zake. Hii imesahaulikaje?" Kisha akaingia ndani. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba udadisi nimeurithi kwake, ila wake ulikuwa na hofu ndani yake, na wangu ulikuwa wa kipuuzi tu.

Wiki mbili baadaye akasema anataka kwenda Kawe kumsalimia mdogo wake, na angependa kwenda na mume wake. Na toroli pia.

"Toroli la nini tena, mama?"

"Si mmenunua litumike?"

Walirudi Jumapili jioni kwa bajaji, mtoto amelala, kigari kimekunjwa miguuni kwa mama. Kesho yake niliona michirizi myeupe kwenye kitambaa cheusi. Nilidhani ni sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri. Lakini kudhani hakunitoshi, nikalowesha kidole, nikagusa, nikalamba.

"Mama, hiki kigari kina chumvi."

"Jasho la mume wangu hilo."

"Jasho mpaka kwenye magurudumu?"

"Kawe kuna joto, baba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilijua kilichotokea. Kwetu mtu mwenye nuksi hupelekwa baharini akaoge, maji ya bahari yaondoke nayo. Nimeona wakipelekwa wanaume waliofukuzwa kazi, na mabinti ambao wachumba wao waliingia mitini. Kupeleka kigari ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia. Niliwaona akilini mama na mdogo wake, watu wazima wale, wamekunja kanga hadi magotini, wanalikokota toroli la Ulaya kwenye mawimbi ya Kawe huku wakisoma dua, ili yule mtoto mwenye soksi ya kijivu, popote alipo, awe hai au asiwe, asimdai wetu chochote. Sikumwambia kwamba nimejua. Nilisuuza kitambaa, nikakianika, nikaendelea na maisha yangu.

Kitambaa peke yake. Mimi ninayetoa makombo ya biskuti kwa mswaki, niliona nuksi nikacheka, chuma sikukifikiria kabisa.

Tangu safari ile mama na kigari wakawa kitu kimoja. Kanga ya kubebea ikarudi sandukuni. Asubuhi walikwenda nacho gengeni, siku ya kliniki walikwenda nacho kliniki, jioni walikwenda nacho kwa jirani mwenye mdomo. Nikasema moyoni, kumbe kilichokuwa kinamsumbua ni soksi tu. Nilijiona nimeelewa.

Mimi nikabaki na matunzo. Njia yetu hadi kwenye lami ni mchanga mtupu, na mchanga ule unaingia kila mahali. Magurudumu yalipoanza kulia nikayapaka grisi, tena nyingi, kwa mapenzi. Baada ya siku mbili yalikuwa yamevimba mchanga kama kashata na hayazunguki. Nikakipeleka kwa fundi baiskeli mmoja Manzese, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nikampa shikamoo yake, akaitikia bila kuinua kichwa, akakwangua grisi yangu yote kwa kijiti huku anaguna.

"Nani kakutuma upake mafuta?"

"Hakuna, mzee. Nilifikiria mwenyewe."

"Usifikirie. Mchanga unapenda mafuta. Hapa unafuta kavu, unasugua mshumaa, basi."

Akatoa kipande cha mshumaa mfukoni, akakisugua kwenye ekseli, akalizungusha gurudumu kwa kidole. Lilizunguka muda mrefu, kimya kabisa, na mimi nikaliangalia mpaka likasimama. Tangu siku ile ndoo zangu zikapata mwenzao wa tatu, mshumaa.

Ikapita mwaka mmoja na miezi. Mtoto akatambaa, akasimama, akaanza kukimbia kabla ya kujua kutembea vizuri. Kazini kwetu mke wa mwenzangu mmoja akajifungua, nami nikamwahidi kigari. Jioni nikaleta habari mezani.

"Mume wangu bado mdogo," mama akasema.

Wakati anasema hivyo, mume wake alikuwa anakata uwanja mbio na ndoo yangu kichwani.

"Mama, huyu si anakimbia huyu!"

"Anakimbia uani. Barabarani kwingine. Halafu mwanaume ana gari lake, atembee kwa miguu kwa nini?"

Mimi na mke wangu tulicheka. Mama hakuucheka utani wake mwenyewe, ila hilo nimelikumbuka baadaye. Usiku mke wangu akaniambia nikitoe tu, mama atazoea, watu wazima hawapendi mabadiliko. Tukapanga Jumamosi.

Jumamosi ile nilikiosha kama bibi harusi, kwa kuwa kilikuwa kinakwenda kwa watu. Nilikipindua, nikavua magurudumu yote manne, nikayapanga kwenye ngazi ileile ya soksi. Hapo ndipo nilipopata fumbo. Magurudumu ya mbele yalikuwa karibu mapya. La nyuma kushoto lilikuwa zima. La nyuma kulia lilikuwa limelika, limekuwa jembamba upande mmoja kana kwamba mtu amelipiga msasa. Nikatazama mpini. Sponji ya kushoto ilikuwa imejaa vizuri. Ya kulia ilikuwa imebonyea, ina mifereji minne ya vidole, na kwenye kidole gumba imechanika kabisa.

Nilisahau hata chai. Labda fremu imepinda? Nikapima kwa uzi, haijapinda. Labda njia yetu imeinama? Lakini wanakwenda na kurudi, basi ingelika pande zote. Labda mtoto anakaa upande? Nikarudisha magurudumu, nikamweka ndani. Alikaa katikati kama mkuu wa wilaya na kudai apelekwe mahali. Nikamzungusha uani mara mbili, hakuinama hata kidogo. Na spring ya breki nayo ilikuwa imeshika kutu nyekundu, inabanduka magamba. Kwa nini kutu, wakati mimi nafuta kavu kila wiki?

"Si unakipeleka kwa wenyewe?" mke wangu akauliza aliponiona nakikunja.

"Napitia Manzese kwanza."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

Akatikisa kichwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Alikitazama kigari kinavyoondoka.

Fundi alikipindua, akavaa miwani yake ya waya, akakiangalia kwa muda ambao ulinipendeza, kwa sababu nilijua kwamba sasa tuko wawili.

"Mtoto wako ana kilo ngapi?"

"Kumi na mbili na kitu."

"Kilo kumi na mbili hazili tairi namna hii." Akapitisha kidole gumba kwenye mifereji ya sponji. "Huu uzito hautoki kwenye kiti. Unatoka juu, kwenye mpini. Nani anasukumaga hiki?"

"Mama yangu."

"Anachechemea?"

"Hapana."

Fundi akanitazama juu ya miwani. "Niliwahi kuwa na mzee mmoja hapa, kila mwezi analeta baiskeli. Tairi zimeisha upande, kiti kipya kabisa. Nikamuuliza, mzee, hii unapandaga kweli? Kumbe hapandi. Anaikokota tu. Ndiyo fimbo yake, na fimbo yenyewe hataki kuonekana nayo." Akagonga gurudumu lililolika. "Mama yako mguu wa kushoto unamuuma, mwanangu. Siyo leo wala jana."

Kisha akakisimamisha kigari, akakanyaga breki, akaegemea mpini kama mtu anayetaka kupumzika. Breki ikaachia. Kigari kikamkimbia, na fundi akajishikilia kwenye nguzo ya kibanda, nusura aanguke.

"Na hii imekula chumvi. Mlikifanya nini?"

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake bila kukaribishwa. Mambo yalikuwa yananijia moja baada ya jingine, na kila moja nilikuwa nimeliona kwa macho yangu haya. Kanga iliyorudi sandukuni haikurudishwa na bahari. Mama alikuwa hawezi tena kubeba. Mkeka aliokuwa akiukalia zamani aliuacha, akahamia kiti cha plastiki. Sala alikuwa akisali kwa kukaa kitini, eti sakafu ina baridi. Baridi, Dar es Salaam, mwezi wa pili! Na mimi nikamnunulia zulia.

Niliona aibu, na nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia isipokuwa mimi. Nilijua meno ya jani la mti wa ng'ambo. Mguu wa mama yangu, ninayekula naye sahani moja, sikuujua. Na mwaka mzima nilimwachia asimame barabarani, magari yanapita, ameegemea breki iliyokuwa inaoza huku mimi nimeridhika na mshumaa wangu.

"Tengeneza, mzee," nikasema. "Breki weka mpya kabisa. Nitangoja."

"Si ulisema kinakwenda kwa mtu?"

"Hakiendi."

Aliweka spring mpya, akabadilisha gurudumu. Akaniuliza mama ana urefu gani, nikamwonyesha kwa mkono kifuani kwangu. Akakata vipande viwili vya bomba, akaunyanyua mpini, ili mama asiiname. Breki aliijaribu mara tatu, na kila mara mimi pia niliijaribu, kwa uzito wangu wote.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa bado mlangoni. Aliponiona na kigari aliweka mikono magotini. Hakunyanyuka. Sasa nilijua kwa nini huwa hanyanyuki haraka.

"Hawakukitaka?" akauliza.

"Hatukitoi. Mume wako bado mdogo."

Mume wake alikuwa juu ya ukuta mfupi wa bustani anajaribu kuruka. Mama alimwangalia yeye, kisha akaniangalia mimi. Nikakisogeza kigari hadi mbele yake. Akaweka mkono wa kulia kwenye mpini, kwenye sponji mpya, akajivuta akasimama.

"Mpini umepanda."

"Fundi kasema ndiyo kimo chako."

"Fundi kasema nini tena?"

Mimi ninayeuliza kila kitu nilikuwa na maswali kama mia. Nikayaacha. "Kasema usikipeleke tena Kawe. Chumvi inakula breki."

Mama akaanza kucheka, polepole, akifunika mdomo kwa kanga. "Kumbe ulijua!"

"Nililamba."

"Hujaacha tu tabia yako." Kicheko kikamwisha, ila mkono haukutoka kwenye mpini. "Na hili jingine nalo umelamba?"

"Hili nimeambiwa."

Mtoto aliruka, akaanguka, akanyanyuka mwenyewe. "Nimekuja kulea, baba," mama akasema. "Sikuja kulelewa. Mguu huu mwaka wa pili sasa. Nikajua nikisema, mtanirudisha Lindi mlete msichana wa kazi. Na mie mume wangu nimempenda."

"Hakuna wa kukurudisha, mama."

"Hujui. Mtu akishakuwa mzigo hata mwenyewe anajirudisha."

Nilimwambia kwamba nimeogopa. Sikumbuki kama nimewahi kumwambia mama neno hilo tangu nianze kunyoa ndevu. Nilimwambia jinsi fundi alivyotaka kuanguka, na kwamba pale kwenye benchi nilimwona yeye ndiye anaanguka, pale lami inapoanza. Alinipigapiga mgongoni kama mtoto anayesubiriwa acheue. Mke wangu alipokuja na kusikia yote, alisema mficha maradhi kifo humuumbua, akapanga hospitali Jumatatu, na mama hakubishana naye. Na mwenzangu wa kazini, nilipomweleza, alicheka akasema afadhali, mkewe alikuwa anataka kanga ya kubebea.

Jumatatu mtoto alibaki kwa jirani mwenye mdomo. Nilitaka kumshika mama mkono, akaukataa. Fimbo nayo aliikataa. Alikwenda na kigari. Tulipita njia ya mchanga, tukavuka lami, tukaingia kwenye korido ya hospitali, yeye mbele na kigari kitupu, mimi nyuma na kadi mkononi, magurudumu yakizunguka kimya kwa mshumaa. Watu walikuwa wanachungulia ndani na kushangaa.

Muuguzi wa mapokezi naye akachungulia. Akainua kofia, akaangalia chini ya kiti.

"Bibi, shikamoo. Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Mama alininyooshea kidole bila kugeuka.

"Huyo hapo nyuma. Toroli limeshambana, nimemwambia atembee."

Muuguzi akacheka, akatuonyesha benchi. Nikapita mbele, nikakanyaga breki, na mama akaegemea mpini akakaa.